Jina Lako Likitajwa Nawe Haupo

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wahitimu wa sanaa za maonyesho pamoja na wageni wao. Wengi walioniomba hawakuweza kufika siku ile, kwa hiyo naiweka yote kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Hamjakosa kitu.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, wazazi mliokuja kuona ada zenu zimezaa nini, na ninyi wahitimu wenyewe: itifaki imezingatiwa. Hamjambo?

Hiyo "hatujambo" imeishia safu ya tatu. Miaka yote hiyo mmefundishwa kupaza sauti, halafu salamu inafia njiani! Hamjambo? Naam. Hiyo imefika mpaka kwenye taa.

Mimi ni msimamizi wa jukwaa. Mwaka huu natimiza miaka 27 kazini, na hadhira hainijui kabisa. Nikifanya kazi yangu sawasawa, hakuna anayejua kwamba nipo. Nikichelewa sekunde mbili, ukumbi mzima unajua. Wadogo zangu kazini wananiita Mama Kitabu, kwa ajili ya kile kitabu kinene ninachokaa nacho gizani pembeni mwa jukwaa: kurasa za upande mmoja zina maneno yote ya mchezo, za upande wa pili zina kila ishara ya taa, ya sauti na ya pazia. Kila kitu kwa penseli. Anayeandika kwa kalamu ya wino kwenye kitabu kile hajawahi kufanya kazi na mwongozaji.

Nimeombwa nizungumzie thamani ya vyeti na ya kujuana katika kazi ya jukwaa. Nilipopigiwa simu nilicheka, maana aliyenipigia ni mtu tuliyefanya naye mchezo mmoja miaka tisa iliyopita. Hakuniuliza nina cheti gani. Lakini jana, wakati wa kuandaa utambulisho wangu mliosomewa hapa, alinitumia ujumbe: "Dada, nitumie vyeti vyako, uongozi unavitaka." Basi mmeona? Kujuana ndiko kulikonipa mwaliko, na karatasi ndiyo iliyonipa kipaza sauti. Ningeweza kukomea hapo twende nyumbani.

Lakini nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na wazee. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mmeusikia huo tangu utotoni, na waigizaji wengi wanauficha moyoni kama hirizi. Wanasema, mimi nina kipaji, siwezi kwenda kujipendekeza kwa watu, chema chajiuza.

Nani kawaambia kwamba mchezo wa kuigiza ni chema cha namna hiyo? Seremala akitengeneza kabati, kabati linabaki. Mpita njia ataliona, atalifungua, atagonga mbao, atauliza fundi ni nani. Sisi je? Ikifika saa nne usiku kazi yetu imekwisha. Maleba yametundikwa, taa zimezimwa, na kile ulichokifanya kwenye onyesho la pili, kile kimya chako kilichofanya watu mia tatu wasipumue, kiko wapi? Hakipo. Hakuna mtu atakayepita kesho akigonge mbao. Kimebaki katika vichwa vya watu waliokuwepo, na kila mwaka kinafifia.

Ndiyo maana kazi yetu inaishi kwa ushahidi. Cheti ni ushahidi: watu usiowajua wanawaambia watu wasiokujua kwamba ulikaa mahali fulani, ukafundishwa kitu fulani, hukutoroka. Kujuana nako ni ushahidi: mtu mmoja aliyekuona kwa macho yake anamwambia mwingine. Vyote viwili vinafanya kazi wakati wewe haupo. Hilo ndilo ninaloomba mlishike leo. Maamuzi makubwa ya maisha yenu jukwaani yatafanyika katika vyumba ambavyo hamtakuwemo.

Kuna chumba kimoja cha namna hiyo ambacho tunajua kilichozungumzwa ndani yake. Moscow, tarehe 22 Juni 1897 kwa kalenda yao ya zamani. Wanaume wawili walikutana mchana katika mgahawa unaoitwa Slavyansky Bazaar. Mmoja ni Konstantin Stanislavski, mtoto wa tajiri wa kiwanda, ambaye alikuwa akiigiza na kuongoza michezo na kikundi cha watu wasiolipwa. Mwingine ni Vladimir Nemirovich-Danchenko, mwandishi wa tamthilia na mwalimu wa uigizaji. Walianza kuzungumza saa nane mchana, wakahamia nyumbani kwa Stanislavski nje ya mji, na walipomaliza ilikuwa saa mbili asubuhi ya siku iliyofuata. Saa 18! Mwaka 1898 wakafungua Moscow Art Theatre, na mengi mliyofundishwa hapa kuhusu uigizaji yanatokana na nyumba ile.

Sasa, watu wawili wanazungumza nini saa 18? Stanislavski alisimulia baadaye katika kumbukumbu zake. Walizungumza sanaa, fedha, hata usafi wa vyumba vya waigizaji. Na walitaja majina. Huyu je, ana kipaji? Anacho, tena kikubwa. Tumchukue? Hapana. Kwa nini? Kwa sababu ya namna alivyoiuza sanaa yake, alivyozoea kuipendeza hadhira na mwenye kampuni. Na huyu je? Huyo tumwangalie, ana maono anayoyapigania.

Fikiria wewe ndiye yule wa kwanza. Uko nyumbani umelala. Hujui kwamba usiku ule, mahali fulani, jina lako limetajwa, limesifiwa, na limefutwa. Na si kwa sababu ya kipaji.

Halafu tazameni nani alichukuliwa. Stanislavski alileta watu wake wa kikundi. Nemirovich alileta wanafunzi wake waliokuwa wakimaliza masomo mwaka ule ule, akiwemo Olga Knipper na Vsevolod Meyerhold. Desemba ya 1898 wote wawili walikuwa jukwaani katika tamthilia ya Anton Chekhov ambayo miaka miwili kabla yake ilikuwa imeanguka vibaya St Petersburg. Chekhov hakutaka ichezwe tena. Aliyembembeleza akakubali ni Nemirovich, rafiki yake.

Sasa niambieni, Knipper alibebwa na cheti au na koneksheni? Huwezi kuvitenganisha! Cheti alikuwa nacho, lakini kilichomfikisha pale ni kwamba yule aliyempa alama darasani ndiye aliyekuwa kwenye meza ile ya mgahawa. Shule ilimpa mwalimu aliyemwona siku akiwa hovyo na siku akiwa mzuri, akajua kwa hakika ni mtu wa namna gani. Kwa hiyo ninyi mnaohitimu leo, geukeni mumtazame mwenzenu wa kulia. Geukeni, msione haya. Sasa wa kushoto. Hao ndio cheti chenu. Ile karatasi mtakayopewa baadaye ni risiti yake.

Msidhani haya ni ya akina Stanislavski tu. Jeff Perry na Terry Kinney walikutana wakiwa wanafunzi wa Illinois State University, na pamoja na Gary Sinise wakaanzisha kampuni ya maigizo ya Steppenwolf. John Malkovich na Laurie Metcalf walitoka chuo hicho hicho. Walianza kuchezea kwenye kanisa, karibu na Chicago. Hakuna aliyewaita mahali popote. Waliitana wao kwa wao.

Niwape na cha kwangu. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nikikaa mlangoni siku za usaili. Kazi yangu ilikuwa kuita majina, kuchukua picha na wasifu wa kila mtu, na kuwaonyesha choo kilipo. Akaja kijana mmoja na bahasha nono, amesoma shule ambayo kila mmoja wetu angetamani kuiona hata lango lake. Aliponikabidhi bahasha hakunitazama. Alisema, "Waambie nimefika," kisha akamwondoa binti mmoja kwenye kiti ili aweke begi lake. Begi! Akaingia ndani. Nilimsikia kupitia mlango. Jamani, alikuwa mzuri. Nywele zilinisimama.

Mchana mwongozaji akatoka kunywa maji, akaniuliza swali ambalo mpaka leo waongozaji wananiuliza kila usaili: "Nje hapa walikuwaje?" Nikamwambia nilichokiona, pamoja na la begi. Hakusema kitu. Alichukua orodha yangu, akachora mstari, akaenda zake. Yule binti aliyeondolewa kitini alipata sehemu ndogo. Wiki tano za mazoezi hakuwahi kuchelewa.

Sikusimulia hili ili mniogope. Nimelisimulia kwa sababu wengi mnapofikiria kujuana mnamfikiria mkubwa: mwongozaji, mwenye ukumbi, mfadhili. Nani kati yenu amewahi kufikiria kujuana na mtu wa mlangoni? Na yule wa mlangoni leo, miaka 20 baadaye anakuwa nani?

Haya, tuje kwenye karatasi zenyewe, nisije nikaonekana nazidharau. Nilizidharau kweli, zikanikomesha.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka 11 nikajiona nimeiva. Ikatangazwa nafasi ya kufundisha usimamizi wa jukwaa, mahali ambapo sitapataja. Nikapeleka faili lenye barua za waongozaji, ratiba za ziara, na vitabu vyangu vya jukwaa viwili ambavyo nilivifunga kwa kamba nikavibeba kifuani kama mtoto. Karani alifungua faili. Akageuza ukurasa wa kwanza, wa pili, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Nikadhani amevutiwa. Kumbe anatafuta shahada. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mama, hii karatasi nyingine umeisahau nyumbani?" Nikamwambia hiyo karatasi sina, lakini nina hivi, nikamsogezea vitabu. Alivifungua, akaona penseli na mishale na herufi za mkato, akavifunga taratibu, akavisogeza kwangu. Hakuwa na ubaya. Hakuwa na uwezo wa kuvisoma, ndiyo hivyo.

Pale nikaelewa kitu. Cheti kinaandikwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kuisoma kazi yako. Mwongozaji anaweza kuisoma, haulizi karatasi. Chuo, ubalozi unaotoa viza, mfuko wa ruzuku, mwenye bima ya ukumbi, hao hawawezi kuisoma, na hawana kosa. Marekani, kwa mfano, anayetaka kufundisha jukwaa chuo kikuu kwa kawaida anadaiwa shahada ya uzamili ya sanaa, ambayo kwa fani yetu ndiyo inayohesabiwa kuwa ya juu kabisa. Na kuna mambo ambayo hata mimi sikubali bila karatasi. Atakayetundika chuma cha kilo mia mbili juu ya vichwa vya waigizaji wangu, au kuunganisha umeme wa taa, anionyeshe cheti chake kwanza. Kipaji atanionyesha baadaye.

Nikarudi shule nikiwa na miaka 38, nakaa na watoto wanaoniita anti. Je, nilifundishwa kusimamia jukwaa? Hapana. Nilifundishwa majina ya vitu nilivyokuwa nikivifanya kwa mazoea, na ukishajua jina la kitu unaweza kumfundisha mwingine. Hiyo pekee ilitosha thamani ya ada. Pia nilikosolewa kwa mara ya kwanza na watu wasionitegemea kwa mshahara. Inauma, inafaa.

Lakini naomba msiiabudu karatasi, kwa sababu mara nyingi anayeitoa ana lake. Waigizaji wa Uingereza wa zamani walijua kitendawili kimoja kichungu. Bila kadi ya chama cha waigizaji, Equity, hupati kazi, na bila kazi hupati kadi. Watu walichukua mikataba ya kuimba vilabuni, ya mazingaombwe, ya chochote kile ili mradi ihesabiwe. Sheria za kazi ndizo zilizouvunja utaratibu huo, ya mwisho ikiwa ya 1990. Na kadi ilikuwa na nguvu hata juu ya jina lako, kwa maana wanachama wawili hawaruhusiwi kutumia jina moja; David Tennant alizaliwa David McDonald, akakuta David McDonald mwingine ametangulia. Chama cha Marekani nacho kilikuja kufungua milango yake mwaka 2021: yeyote aliyewahi kulipwa kwa kuigiza au kusimamia jukwaa akaruhusiwa kujiunga. Zaidi ya miaka mia tangu kianzishwe, 1913!

Na kuna karatasi iliyotengenezwa makusudi ili usiwepo. John Kani na Winston Ntshona walikuwa waigizaji wa kikundi cha Serpent Players, New Brighton, Afrika Kusini. Mwaka 1972, wakiwa na Athol Fugard, mwandishi Mzungu wa tamthilia, walitunga mchezo kuhusu mtu ambaye kitabu chake cha kipande, ile pasi ambayo Mwafrika alilazimika kutembea nayo, hakina muhuri unaotakiwa. Sheria za ubaguzi hazikuwa na nafasi ya kumwandika Mwafrika kuwa msanii. Kwa hiyo, ili waruhusiwe kufanya kazi ile, waliandikwa kuwa watumishi wa nyumbani wa Fugard. Hiyo ndiyo karatasi waliyokuwa nayo! Mwaka 1975 walipewa kwa pamoja tuzo ya Tony ya mwigizaji bora, New York. Ukiwa na karatasi inayokuita mtumishi na tuzo inayokuita mwigizaji bora, utaamini ipi?

Sasa koneksheni. Hili neno limechafuka, nalijua. Ukisema "amepata kwa koneksheni" unamaanisha hakustahili. Kuna mtu mmoja nitamsimulia, mniambie kama hakustahili.

August Wilson, mwandishi wa tamthilia wa Marekani, aliacha shule akiwa na miaka 15. Mwalimu alikataa kuamini kwamba insha aliyoiwasilisha ameiandika mwenyewe. Akaondoka, akajisomea katika maktaba ya Carnegie, Pittsburgh. Hana cheti hata cha sekondari. Baadaye, alipokwisha kuwa na jina, maktaba ile ile ndiyo iliyompa cheti cha heshima cha kumaliza sekondari. Maktaba!

Alianza kuandika tamthilia na kuzipeleka kwenye kongamano la waandishi la O'Neill, Connecticut, ambako mwandishi asiyejulikana aliruhusiwa kupeleka kazi yake bila wakala wala mdhamini. Walimkatalia. Akapeleka nyingine. Wakakataa. Mara kadhaa hivyo. Mwaka 1982 wakakubali moja, na pale akakutana na mkuu wa kongamano, Lloyd Richards, ambaye wakati huo huo alikuwa mkuu wa shule ya tamthilia ya chuo kikuu cha Yale. Kuanzia hapo tamthilia za Wilson zilizaliwa kwa mtindo mmoja: zinasomwa, zinafanyiwa kazi, zinachezwa Yale chini ya uongozi wa Richards, kisha zinakwenda Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York. Alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1987, akaipata tena 1990.

Mtu asiye na cheti alishikwa mkono na mkuu wa shule yenye vyeti vinavyoheshimiwa kuliko karibu vyote. Hiyo ni koneksheni au si koneksheni?

Na Richards mwenyewe je, alifikaje pale? Mwaka 1959 aliongoza Broadway tamthilia ya Lorraine Hansberry. Alikuwa Mwafrika wa Marekani wa kwanza kuongoza tamthilia ya namna ile Broadway katika zama zake. Jina lake lilipendekezwa na mwigizaji mkuu, Sidney Poitier. Walifahamiana toka siku za darasa la uigizaji, wote wawili hawana kitu mfukoni. Poitier aliwahi kumwahidi kwamba siku akipata mchezo mkubwa atataka Richards auongoze. Siku ikafika, akakumbuka.

Mnaona mnyororo huo? Darasa la watu maskini likamleta Richards, Richards akampokea Wilson. Na hakuna kati yao aliyembeba mwenzake asiyeweza kutembea. Maana koneksheni ina mpaka wake, na mpaka huo Molière, mwigizaji na mwandishi wa Ufaransa ya zamani, aliufikia siku moja tu. Alisoma sheria, akaiacha kwa ajili ya jukwaa, mwaka 1643 akaanzisha kampuni, miaka miwili baadaye akafungwa kwa madeni. Baba yake alikuwa mpambaji wa nyumba ya mfalme, lakini jela haikujali. Akazunguka mikoani zaidi ya miaka kumi. Akapata mlezi, Philippe, ndugu yake mfalme, na kwa mlango huo, Oktoba 24, 1658, akacheza mbele ya Louis XIV. Walianza na tamthilia nzito ya majonzi. Ikapooza. Hebu fikiri, umengoja miaka yote hiyo, mfalme yuko mbele yako, na mchezo umepoa! Molière akasogea mbele ya jukwaa, akaomba ruhusa waongeze kichekesho kidogo walichokizoea huko mikoani. Mfalme akacheka, wakapewa ukumbi.

Ndugu wa mfalme alimpa jioni moja. Kile kichekesho alikipata njiani, kwa miaka ya vumbi.

Basi mnaniuliza, Mama Kitabu, sasa kujuana tunakufanyaje? Nitawaambia nilivyokosea. Tamasha la kwanza nililoalikwa nilichapisha kadi 60, nikazigawa zote kwenye tafrija ya ufunguzi. Kila mtu alizipokea kwa tabasamu. Unajua simu ngapi zilipigwa? Hata moja. Asubuhi yake nilizikuta tatu zimewekwa chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.

Kwenye tamasha hilo hilo, usiku wa mwisho, watu wote wamekwenda kusherehekea, nikaona fundi wa taa yuko peke yake jukwaani na nyaya kama utumbo. Nikaenda kumsaidia kuzikunja. Nikaanza kuzikunja hivi, kwa kiwiko na kiganja, kama tunavyokunja kamba ya kuanikia nguo. Akanishika mkono. "Unauvunja ndani," akasema. Akanionyesha: duara la kwanza unalikunja kawaida, la pili unaligeuza kiganja lipite kwa chini, la tatu kawaida, la nne kwa chini. Ukiurusha waya uliokunjwa hivyo unanyooka wote sakafuni bila fundo hata moja. Ujaribuni. Tulikunja mpaka saa nane usiku. Hatukuulizana mengi. Miaka miwili baadaye alipata ziara ya miezi minne, msimamizi wa jukwaa akaugua, wakamuuliza unamjua mtu? Akasema namjua mmoja, anafundishika.

Hakusema "hodari." Hakuwahi kuniona nikisimamia mchezo! Alisema "anafundishika." Ziara ile ndiyo iliyonijengea nyumba. Kadi 60 sijui ziko wapi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mdogo na hauna uchawi. Fika mapema. Kuna utaratibu wa Kiingereza ambao tangazo la "nusu saa" linatolewa dakika 35 kabla ya pazia, si 30, kwa sababu wanahesabu kurudi nyuma kutoka wakati wa kuwaita wanaoanza, ambao ni dakika tano kabla. Mwigizaji ambaye hajafika wakati wa tangazo hilo, mimi najua jina lake, na niko kwenye vyumba vingi. Nenda ukaone michezo ya wenzako, hata mibaya, na umwandikie mtu mistari miwili ukitaja kitu ulichokiona kweli: ile taa ya bluu, ule mkono uliotetemeka. "Hongera sana" imeandikwa na watu wote. Usimwombe mtu kazi siku mnayoonana mara ya kwanza. Mwombe ushauri, ukaufuate, kisha urudi kumwambia ilikuwaje. Wachache sana hurudi. Na usimseme vibaya mwenzako chooni. Vyoo vya kumbi za maonyesho vina kuta nyembamba kuliko mandhari ya karatasi.

Kuna jambo nataka niwaambie waliokwisha kuingia ndani, walimu na waongozaji mlioko hapa. Koneksheni yenye sura nzuri niliyoisimulia ina pacha wake mbaya. Tunapoulizana "unamjua nani?" tunataja tunaofanana nao, waliosoma tulikosoma, wanaocheka utani wetu. Yule asiye na shangazi kwenye fani atatajwa na nani? Wilson aliingia kwa sababu kulikuwa na mlango mmoja uliokubali bahasha ya mtu yeyote, na kuna mtu aliyezisoma bahasha zile. Kwenye kampuni zenu mlango huo uko wapi? Nauliza kwa nia njema. Mimi mwenyewe kwa miaka nilichukua wasaidizi kwa kuambiwa tu na marafiki, na nilipotazama orodha yangu nyuma, wote walitoka shule mbili. Sasa kila mchezo naacha nafasi moja ya mtu ambaye hakuna ninayemjua anayemjua.

Nimalizie na swali. Nilipoingia hapa jioni hii, mmoja wenu alinisimamisha mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini: amepata nafasi ya kuendelea na masomo ya juu, mbali, lakini ni kwa mkopo. Aende?

Sikumjibu pale, nikasema ngoja nifikirie jukwaani. Jibu langu: usikope kununua jina la shule. Uliza kwanza nani anafundisha pale mwaka huu, si nani alifundisha zamani. Uliza wanafunzi wanacheza mara ngapi mbele ya watu wanaolipa tiketi. Watafute watatu waliomaliza miaka mitano iliyopita, uwaulize wanafanya kazi na nani. Wakikutajia wanafunzi wenzao, hiyo shule ina kitu. Uliza pia nafasi za bure. Shule ya tamthilia ya Yale yenyewe ilifuta ada mwaka 2021, baada ya tajiri David Geffen kutoa dola milioni 150, na huwa wanachukua pia watu wasio na shahada ya kwanza. Hao wanakaa darasa moja na wenzao, wanacheza jukwaa moja, tofauti ni jina la karatasi ya mwisho. Deni ni mwongozaji mkali, mwanangu. Litakuchagulia kazi miaka kumi, na halitakuchagulia zenye maana. Lakini ukinionyesha barua yenyewe na hesabu zake, tutazisoma pamoja kwa penseli.

Nipo hapa mpaka fundi azime taa. Naona kuna nyaya pale pembeni.